Pesa za Baidoa, sahihi ya Nairobi: jinsi ya kusimamia msaada wa Somalia ukiwa mbali

Tangu serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, sehemu kubwa ya msaada unaokwenda Somalia imesimamiwa kutoka Nairobi. Anayeidhinisha malipo ameketi Kilimani au Westlands, anayegawa pesa yuko Baidoa, Luuq au Beledweyne, na kati yao kuna barabara ambazo huyu wa kwanza haruhusiwi kuzipita. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu ndiyo hiyo. Vijana wanaoletwa kwangu huja na vyeti vizuri, wengine wameshakagua hesabu za kampuni kubwa hapa mjini, na baada ya wiki chache huniuliza swali lilelile: madam, nitajuaje kwamba pesa zimefika?

Chuoni tulifundishwa kukagua karatasi. Lakini karatasi zinazotoka mahali ambapo mkaguzi hafiki huwa safi kupita kiasi: kila vocha ina risiti, kila risiti ina muhuri, kila orodha ina alama za dole gumba. Usafi huo peke yake haukuthibitishii kitu. Ninachowafundisha ni kutafuta, kwa kila malipo, shahidi ambaye riziki yake haimtegemei aliyelipa. Yanayofuata ni njia za kumpata shahidi huyo, na za kumlinda akishapatikana.

Kabla pesa hazijatoka Nairobi

Benki za Somalia ziliporomoka pamoja na serikali, na nafasi yao ikachukuliwa na hawala. Leo Mogadishu ina benki tena, lakini ukitaka pesa zifike wilayani bado utapitia hawala au pesa za simu. Unaweka dola kwenye akaunti ya kampuni ya hawala hapa Nairobi, ofisi yake ya Baidoa inamlipa mpokeaji, kisha wao kwa wao wanasawazisha madeni kupitia biashara zao. Anza kwa kuthibitisha kwamba kampuni ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya chini ya kanuni za utumaji pesa za 2013. Orodha ya wenye leseni huchapishwa na Benki Kuu yenyewe, kwa hiyo itazame huko, usiridhike na nakala unayoletewa mezani.

Kwenye mkataba andika wazi mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza, hasara yoyote itakayotokea kabla mpokeaji hajashika pesa mkononi ni ya hawala. La pili, kamisheni ni kiwango kimoja kilichoandikwa, na mpokeaji hatatozwa senti dirishani. Nimesikia akina mama wakisimulia kwenye simu jinsi walivyokatwa dola mbili za karani, ilhali Nairobi tulikuwa tumelipa kamisheni yote. Dola mbili kwa mama mwenye watoto watano kambini ni chakula cha siku.

Usitegemee njia moja. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, na zikabaki hivyo hadi Juni. Shirika lililokuwa na kampuni moja tu lilikaa na pesa benki huku wauguzi wake wakingoja mishahara. Weka mikataba miwili na uitumie yote miwili kila robo mwaka, hata kama mmoja una kamisheni kubwa kidogo. Siku ya dharura si siku ya kuanza kufahamiana na meneja wa hawala pale Eastleigh.

Benki yako nayo itakuuliza maswali. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, na swali la "pesa hizi zinakwenda kwa nani" ni halali kabisa. Andaa bahasha mapema: mkataba wa ruzuku, bajeti, leseni ya hawala, cheti cha usajili, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza ni mji gani, kazi gani na muda gani. Kuhusu cheti, kumbuka kwamba sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa 2013 ilianza kutumika 14 Mei 2024, basi hakikisha usajili wenu unaendana nayo. Mpelekee afisa wa benki bahasha hiyo kabla hajaiomba.

Kisha kuna kuchuja majina. Kila muuzaji, mfanyakazi na shirika mshirika hulinganishwa na orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, za Marekani na za mfadhili wako. Hapa ndipo asiyejua Kisomali hufanya kazi ya bure. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na katika tahajia hiyo Hassan huwa Xasan, Ali huwa Cali, Mohamed huwa Maxamed. Ukiingiza tahajia moja tu kwenye programu unaweza kuambiwa hayumo, kumbe yumo. Ingiza tahajia zote, majina yote matatu (lake, la babake, la babuye), jina la utani analojulikana nalo mjini, na mwaka wa kuzaliwa. Upande wa pili, mtu anayeitwa Mohamed Ali akilingana na mtu wa orodhani, usimnyime kazi kwa ajili ya jina peke yake. Jina hilo linabebwa na maelfu, na kijana aliyekataliwa bila kuelezwa sababu anabaki na doa mjini kwao. Fuatilia mpaka ujue ni yeye au si yeye, na uandike ulivyojua.

Risiti ambazo haziwezi kuwepo

Mwenye mkokoteni wa punda anayeuza maji Baidoa hana kitabu cha risiti. Wala mama anayepika canjeero asubuhi. Fomu zetu za Nairobi hudai risiti yenye nambari na muhuri, kwa hiyo kitabu kinanunuliwa, muhuri unachongwa, na mtu mwaminifu anajifunza kughushi ili arudishiwe pesa alizotumia kwa haki. Tatizo hili tunalitengeneza sisi wenyewe, na mkono uliozoea kughushi kwa haki hauwi mbali na kughushi kwa wizi. Weka kiwango, tuseme dola 50, ambacho chini yake unakubali vocha ya malipo yenye jina la muuzaji, nambari yake ya simu, alichouza na sahihi au dole gumba. Mwandikie mfadhili mapema akubali kwa maandishi. Halafu kila mwezi chagua baadhi ya nambari hizo uzipigie.

Kwa manunuzi makubwa, panga risiti za duka moja za mwaka mzima mezani, usizitazame mwezi mmoja mmoja. Risiti ya Machi ikiwa 0045 na ya Juni ikiwa 0046, duka hilo halina mteja mwingine duniani isipokuwa wewe. Kwenye zabuni, weka nukuu tatu sambamba na utazame mpangilio wa jedwali, nambari za simu, na makosa ya tahajia: maduka matatu yasiyojuana hayakosei neno moja kwa namna moja. Bei zilinganishe na takwimu za soko za FSNAU, kitengo cha uchambuzi wa chakula na lishe kinachosimamiwa na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), kwa mji uleule na mwezi uleule. Bei ya mtama Baidoa baada ya mavuno si bei ya mtama Kismayo mwezi wa njaa, na mwenye ankara isiyo na msimu hakununua sokoni.

Picha za kazi iliyofanyika usizipokee kwa WhatsApp kama ushahidi, maana picha ikipita huko hupoteza taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Tumia fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa simu, inayonasa mahali palepale mtu anapojaza. Na pale unapoweza, omba picha ya kisima ionyeshe kitu cha jirani kisichohamishika, msikiti au mbuyu au jengo la shule, kwa sababu kibao chenye nembo ya mfadhili hung'olewa na kusimikwa kwingine.

Malori ya maji

Ukiniuliza ni wapi pesa hupotea kwa urahisi zaidi wakati wa ukame, nitakujibu ni kwenye maji ya malori. Maji hunywewa yakaisha na hayaachi alama. Hapa shahidi wa kwanza ni hesabu yenyewe, na ndiyo maana nataka kila mhasibu wangu aifanye kwa kalamu kabla ya kuidhinisha.

Chukua kambi ya kaya 400, kila kaya watu sita: hao ni watu 2,400. Kiwango cha chini cha kuokoa maisha, lita 7.5 kwa mtu kwa siku, kinahitaji lita 18,000. Lori la lita 10,000 litakwenda safari mbili. Sasa ankara imekuja ikidai safari nne kwa siku, lori moja, kisima kiko kilomita 45 kwenye barabara ya vumbi. Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili, kujaza na kumwaga saa moja na zaidi: safari moja inakula saa tano au sita. Mwendeshaji hasafiri usiku katika barabara zile. Mchana mzima unatosha safari mbili, na akijikaza sana. Basi ama kuna lori la pili, na kama lipo niletee nambari yake ya usajili na jina la dereva, ama safari mbili kati ya zile nne zilifanyika kwenye karatasi.

Baada ya hesabu, tafuta daftari la mwenye kisima. Yeye huuza maji kwa kila lori na huandika, kwa sababu ni pesa yake. Mlipe ada yake moja kwa moja kwa simu kutoka Nairobi badala ya kumpitishia mwenye lori, na utakuwa na kumbukumbu mbili zinazotoka kwa watu wawili wenye maslahi tofauti. Kamati ya maji kambini ihesabu mapipa yaliyojazwa na itume jumla kwa ujumbe wa simu kila jioni, kwa nambari ya Nairobi, si ya ofisi ya Baidoa. Kamati iwe na wanawake, maana wao ndio wanaopanga foleni na ndio wanaojua siku ambayo lori halikuja.

Orodha, laini za simu, na anayebaki na nini

Msaada mwingi siku hizi ni pesa taslimu kwa simu. Kusini hutumika EVC Plus, Somaliland ni Zaad, Puntland ni Sahal, na zote hutumia dola. Ni njia nzuri, kuliko magunia yanayobebwa mbele ya watu wenye bunduki. Ila wizi umehama tu: zamani ulikuwa ghalani, sasa uko kwenye orodha ya majina na kwenye kile kinachotokea baada ya ujumbe kuingia.

Orodha ikifika, ipange kwa nambari za simu. Nambari zinazofuatana moja baada ya nyingine ni laini zilizonunuliwa pamoja, na mtu mmoja huwa amezishika. Tafuta nambari iliyojirudia kwa kaya mbili, lakini usiikate papo hapo, kwani familia nyingi huazimana simu, uliza kwanza. Kisha tazama ni nani hayumo. Katika mikoa ya Bay na Bakool, na kando ya mito Juba na Shabelle, kuna jamii za wakulima zisizo na bunduki wala ndugu ofisini, na hao ndio walioumia zaidi njaa ya 2011. Orodha iliyotengenezwa na mzee mmoja wa mtaa huweza kuwa sahihi kwa kila jina lililomo na ikawa dhuluma kwa majina yasiyomo. Linganisha idadi ya kaya za kila sehemu ya kambi na idadi ya walioandikishwa kutoka sehemu hiyo.

Mwaka 2023 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba wakimbizi wa ndani walikuwa wakinyang'anywa sehemu ya msaada baada ya kuupokea, wakati mwingine hadi nusu, na wenye ardhi, viongozi wa mitaa, askari na wasimamizi wa kambi. Septemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukasimamisha kwa muda fedha zake kwa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nchini Somalia. Kila karatasi ya malipo yale ingeweza kuwa sahihi. Pesa zilifika kwenye simu ya mama, zikaondoka jioni.

Kwa hiyo simu ya ufuatiliaji ndiyo roho ya usimamizi wa mbali, na ifanywe vizuri. Sampuli ichaguliwe Nairobi, na ofisi ya mashinani isijue ni nani atakayepigiwa. Wapigaji wasiwe wafanyakazi wa mradi uleule. Sisi tuna mabinti wa Eastleigh wanaozungumza Kisomali cha kawaida na wawili wanaozungumza Maay, kwa sababu mkulima wa Bay akisemeshwa kwa lahaja asiyoizoea atajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili simu ikatike. Pigeni baada ya swala ya alasiri, msipige Ijumaa mchana. Mwanamke azungumze na mwanamke.

Mpangilio wa maswali una uzito kuliko maswali yenyewe. Usianze na "ulipokea dola 70?" Jibu umeshalitoa. Anza na "mara ya mwisho ulipata msaada gani, na siku gani?" Endelea na "ulinunua nini?" Halafu, kwa sauti ileile isiyo na haraka, "baada ya siku ile ulibaki na kiasi gani kwa ajili ya watoto?" Pengo kati ya kilichotumwa na kilichobaki ndilo unalolitafuta, na hujamlazimisha kumtaja mtu. Akisema "tulichangia", usimuulize mlimchangia nani ikiwa kuna sauti nyingine nyuma yake. Muulize kama ni wakati mzuri wa kuzungumza, mpangie siku nyingine, mshukuru.

Shirika la wenyeji na gharama zake

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mashirika ya Kisomali yanayopewa fedha na shirika la kimataifa. Tunawadai mhasibu mwenye cheti, ukaguzi wa kila mwaka, sefu, intaneti na mlinzi, halafu bajeti yao ina mstari wa shughuli tu. Pesa za kuendesha ofisi zitatoka wapi? Zitatoka kwenye bei ya saruji, kwenye mfanyakazi hewa mmoja, kwenye semina ya siku tatu iliyofanyika siku moja. Nimekaa na wakurugenzi wa mashirika hayo, watu wazima wenye heshima zao, na wameniambia hivyo kwa macho makavu.

Wape gharama za uendeshaji waziwazi. Kanuni za ruzuku za Marekani ziliruhusu asilimia 10 bila maswali mengi, na tangu Oktoba 2024 kiwango hicho kikawa asilimia 15. Ukijipa wewe asilimia hiyo Nairobi ukamnyima mwenzako wa Baidoa, huna haki ya kushangaa ukikuta ankara zilizotiwa chumvi. Ninalisema hili kwenye kila mkutano wa bajeti na nitaendelea kulisema.

Mishahara ya watu wao ilipwe kwa simu ya kila mmoja, isipite mkononi mwa meneja. Watia sahihi wawili wasiwe wa nyumba moja. Katika mji mdogo watu hupeana kazi kwa undugu, kama huku kwetu, kwa hiyo sahihi ya pili itoke Mogadishu au Nairobi.

Barabarani

Ukiwalipa wasafirishaji kwa tani, malipo ya vizuizi hufichwa ndani ya bei. Vizuizi vingine ni vya serikali, vingine vya wanamgambo, vingine vya Al-Shabaab. Azimio 2664 la Baraza la Usalama, la Desemba 2022, limetoa nafasi kwa kazi ya kibinadamu chini ya vikwazo vya kufungia mali vya Umoja wa Mataifa, lakini halikufuta masharti ya mkataba wako wala Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya 2012. Usilipe kundi lililopigwa marufuku, na usimwambie msafirishaji "wewe fika tu, sitaki kujua njia". Kauli hiyo inamwachia yeye kosa na hatari. Mara nyingi jibu ni kutosafirisha: nunua kwa wafanyabiashara walioko mjini tayari, au toa pesa wakanunue wenyewe. Ikibidi kusafirisha, dai mchanganuo wa bei, uweke jalada la sababu za kila uamuzi, na upeleke swali kwa mwanasheria wa mfadhili kabla ya lori kuwashwa.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Lakini ukiishia Halane, ndani ya kuta za uwanja wa ndege wa Mogadishu, umekutana na watu unaoweza kukutana nao Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Nairobi. Omba angalau siku moja mji ambako fedha zinatumika, na ukifika nenda kwanza kwa muuza duka ambaye jina lake liko kwenye vocha.

Anayekuambia ukweli

Hapa nataka uende polepole. Siku moja mtu wa ofisi ya mashinani atakupigia simu usiku na kukueleza jambo. Pengine ni karani wa ghala, pengine ni dereva. Yeye anaishi mtaa mmoja na anayemtaja. Watoto wao wanasoma madrasa moja. Wewe ukifunga kompyuta saa kumi na moja jioni unarudi nyumbani kwako Lang'ata. Yeye yupo palepale.

Usiandike jina lake kwenye barua pepe yoyote, hata iliyoandikwa siri. Usirudie kiasi alichokitaja, kwa sababu katika ofisi ya watu sita kiasi pekee kinamtaja aliyekisema. Usifanye ukaguzi wa ofisi yake peke yake kesho yake asubuhi. Tangaza ukaguzi wa kawaida wa ofisi tatu, yake ikiwa ya pili, na uache muda upite. Katika ukaguzi huo tafuta ushahidi unaosimama bila maneno yake, iwe ni risiti, daftari la kisima au simu za wanufaika, ili ripoti ikitoka isionekane imetoka kwa mtu. Ikiwa lazima hatua ichukuliwe haraka, mtoe kwanza kwa mafunzo Nairobi au likizo ya kwenda kwa ndugu, pamoja na wenzake wawili ili asiwe peke yake. Hilo linagharimu, kwa hiyo liwe na mstari wake kwenye bajeti tangu mwanzo. Mfadhili akiuliza mstari huo ni wa nini, mweleze kinagaubaga kwamba ni wa kuweka watu hai. Sijaona mfadhili akiukata baada ya kuelezwa hivyo.

Ukithibitisha wizi

Mjulishe mfadhili ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, hata kama hujui bado kiasi kamili. Barua ya kwanza iwe fupi: nini kimegunduliwa, wapi, hatua gani imechukuliwa, lini utaandika tena. Kuficha ukisubiri kumaliza uchunguzi ndiko kunakoua uhusiano.

Halafu pigania jambo moja: kisimamishwe kile kilichooza, si kazi yote. Januari 2010 WFP ililazimika kusitisha kazi sehemu kubwa ya kusini kwa vitisho na madai ya Al-Shabaab, na fedha za Marekani zikapungua sana kwa hofu ya sheria za ugaidi. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Bakool na Shabelle ya Chini. Makadirio yaliyotolewa 2013 ni kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao watoto chini ya miaka mitano. Sababu zilikuwa nyingi, ukame na vita vikiwemo, lakini kila mkutano unaojadili kusimamisha malipo uanze kwa kusoma tarakimu hizo. Badilisha muuzaji, ondoa meneja, hamishia malipo kwa shirika jirani au njia nyingine ya hawala, punguza awamu iwe ya wiki mbili mbili. Mjane aliyenyang'anywa nusu asinyimwe na nusu iliyobaki kwa sababu tumemgundua mwizi.

Na ujue kila Ijumaa unadaiwa kiasi gani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipozuia misaada ya nje, mashirika mengi yalikuwa yameshatumia pesa zao wenyewe yakingoja kurudishiwa. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikakoma kuendesha misaada. Jedwali la madeni ya wauzaji, mishahara iliyoiva na kodi za ofisi lisasishwe kila wiki, ili siku barua kama ile ikija ujue ni nani wa kulipwa kwanza. Kwangu mimi hao ni walinzi, madereva na wauguzi.

Kufunga ruzuku

Anza miezi mitatu kabla ya mwisho. Chini ya kanuni za Marekani mpokeaji mkuu ana siku 120 baada ya mradi kuisha kuwasilisha ripoti ya mwisho, na shirika lililo chini yake siku 90. Kumbukumbu hutunzwa miaka mitatu tangu ripoti hiyo. Wafadhili wengine wana miaka yao, soma mkataba. Omba taarifa kamili za hawala na za kampuni ya simu wakati mkataba wao bado uko hai, kwani ukishaisha hakuna anayelazimika kukujibu. Orodha za wanufaika zifungwe kwa nywila, zitenganishwe na hesabu, zisibaki kwenye kompyuta za watu walioacha kazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana hapa Kenya, na orodha yenye jina, simu na kambi ya mtu ikiangukia mkono mbaya Baidoa ina madhara kuliko faini yoyote. Andika kwenye jalada tarehe ya kuzifuta, na cheo cha atakayezifuta.